Kabla Hamjachanga Fedha za Soba

Kikao huitishwa baada ya kitu kuuzwa. Safari hii ni mtungi wa gesi wa mama, safari iliyopita ilikuwa feni na pasi. Shangazi anapiga simu usiku, Jumapili watu wanakutana sebuleni, baba mdogo anafungua daftari, na swali la kwanza ni lile lile: "Soba ni shilingi ngapi kwa mwezi?" Mmoja ana namba ya soba, yaani nyumba ya kukaa mtu anayeacha ulevi, aliyoelekezwa na jirani, mwingine amesikia habari za nyumba ya mbali ambayo ni nafuu zaidi. Kundi la WhatsApp linafunguliwa kama la harusi, michango inaingia, na ikifika Ijumaa kijana yuko garini.

Nimekaa kwenye vikao hivyo mara tatu kwa ajili ya mdogo wangu, mtumiaji wa unga. Mara zote tatu tuliuliza bei. Hakuna aliyeuliza kama kulazwa kwenye nyumba ndiyo tiba ya ugonjwa alionao. Naandika haya nikijua kwamba Jumapili hii kuna sebule nyingine, Tandika au Kisauni au Ng'ambo, ambako daftari limeshafunguliwa.

Swali linalotangulia bei ni hili: anatumia nini? Tumezoea kusema "madawa" kana kwamba ni kitu kimoja. Unga, yaani heroini, unamshika mtu kwa namna yake. Pombe ina namna yake, bangi na mirungi zina yao, na vidonge vya usingizi, vile ambavyo vijana wa Mombasa huviita bugizi, navyo vina hatari zao. Methadoni, dawa ya kliniki kwa watumiaji wa unga, haimsaidii mnywaji wa gongo. Miezi minne ya soba haimponyi binti ambaye kinachomtesa zaidi ni sauti anazozisikia peke yake usiku. Familia ikikosea hapa, inakuwa imenunua kitu kisichomfaa mgonjwa wake, hata kama imepunguziwa bei.

Nianze na unga, kwa kuwa ndio uliomaliza akiba za ukoo wetu.

Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni. Mwananyamala na Temeke zikafuata, na baadaye huduma ikafika Dodoma, Mbeya, Mwanza, Tanga na Bagamoyo. Unguja hutolewa Kidongo Chekundu. Kenya ilianza Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari jijini Nairobi, kisha Malindi, na sasa Mombasa na Kwale wana kliniki zao. Katika kliniki hizi za serikali dawa yenyewe haiuzwi. Mara nyingi mgonjwa huletwa na asasi ambazo watu wake hutembelea vijiweni. Anapimwa mkojo, anapimwa VVU, kifua kikuu na homa ya ini, anazungumza na mshauri, kisha anaanza na dozi ndogo, miligramu 20 hadi 30, ambayo hupandishwa taratibu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba wengi watulie kwenye dozi ya kati ya miligramu 60 na 120. Hunywa dirishani, mbele ya muuguzi, mara moja kwa siku.

Mjomba wetu alisema huko ni kumtoa mtu kwenye ulevi mmoja na kumtia kwenye mwingine. Wengi husema hivyo, na wanastahili jibu. Kete ya unga huisha nguvu baada ya saa chache, na saa hizo zikipita arosto inaanza: tumbo, mafua, mifupa kuuma, jasho la baridi. Mtu anaamka akiwa na kazi moja tu duniani, kupata fedha ya kete kabla arosto haijamkamata. Hapo ndipo mtungi wa gesi unapotoka ndani ya nyumba. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya saa 24. Dozi ikiwa sahihi, hapati stimu na hapati arosto. Anaweza kwenda kazini, kukaa na watoto wake, kumeza dawa zake za VVU kwa wakati. Ndiyo, akiacha ghafla ataumwa, lakini kinachomtoa mtu wizini ni zile saa 24 za utulivu.

Sasa gharama. Dawa ni bure, nauli si bure, na mgonjwa huenda kila siku, Jumapili, Idi na Krismasi zikiwemo. Kwa nauli za daladala zilizopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na kuanza kutumika Desemba 2023, safari ya mjini Dar es Salaam isiyozidi kilomita 10 ilikuwa shilingi 600. Anayepanda gari moja kwenda na moja kurudi anatumia 1,200 kwa siku, yaani 36,000 kwa mwezi wa siku 30, na 438,000 kwa mwaka mzima. Anayeunganisha magari mawili anatumia 2,400 kwa siku, 72,000 kwa mwezi, 876,000 kwa mwaka. Miezi miwili ya mwanzo ni vyema ndugu amsindikize, kwa sababu kati ya kituo na kliniki kuna vijiwe. Kwa magari mawili hiyo ni nyongeza ya 144,000. Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye daftari: asubuhi. Kibarua cha ujenzi hakimsubiri mtu aliyeko kwenye foleni ya dirisha. Mdogo wangu alipoteza vibarua viwili kabla hajapata kazi ya kuosha magari inayoanza saa nne. Leo nauli hiyo anailipa mwenyewe.

Ramadhani nayo ina mtihani wake, kwa kuwa kliniki nyingi hutoa dozi mchana. Zungumzeni na kliniki, na mzungumze na sheikh wenu, kabla mwezi haujaandama. Kijana asiachwe akaamua peke yake siku ya kwanza ya kufunga na kukosa dozi tatu mfululizo.

Tuje kwenye soba. Bei hutofautiana sana kutoka nyumba hadi nyumba, kwa hiyo nitachukua mfano wa kukokotolea tu: nyumba inayotoza 250,000 kwa mwezi, kwa miezi minne. Hiyo ni 1,000,000. Ongezeni sabuni, nguo, malaria akiugua, nauli ya kumtembelea. Kwa juu juu haiko mbali na mwaka mzima wa methadoni kwa mtu wa magari mawili. Na faida zake zipo, sitaki kuzificha. Mtu anatolewa maskani, yaani kijiweni. Analala na kula kwa saa zinazojulikana. Anakaa na watu waliopita njia ile ile, wanaomjua anapodanganya kabla hajafungua mdomo. Zanzibar nyumba hizi, ambazo huko huitwa pia nyumba za upataji nafuu, zimewalea vijana wengi ambao sasa ndio wanaowalea wengine. Nawaheshimu.

Lakini kuna jambo ambalo nyumba ya kwanza tuliyoilipa haikutuambia, na ambalo lingefaa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye mlango wa kila soba. Mwili wa mtu aliyekaa miezi bila unga husahau kuuhimili. Kipimo alichokuwa akikitumia zamani bila shida sasa kinaweza kumzimisha pumzi. Mdogo wangu alitoka baada ya miezi minne, amenenepa, anacheka. Tulichinja kuku. Siku ya tano tulivunja mlango wa choo tukamkuta midomo imegeuka rangi, anakoroma kwa mbali. Jirani mwenye bajaji alituwahisha hospitali, wakamchoma nalokisoni, dawa inayoondoa nguvu ya heroini mwilini, akarudi. Alikuwa ametumia kipimo chake cha zamani. Nyumba ile ilikuwa imepokea malipo yetu yote kwa uaminifu, na hatukupewa hata sentensi moja kuhusu hatari hiyo.

Hili halikumtokea mdogo wangu peke yake. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti za nchi mbalimbali, zenye watu zaidi ya 120,000 waliotibiwa kwa methadoni. Walipokuwa kwenye dawa, vifo vilikuwa takriban 11 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Walipoiacha, vilifika 36. Sijui kipimo kingine cha thamani kinachozidi hicho. Kwa mtumiaji wa unga, mahali popote penye kliniki inayofikika, pendekezo langu ni methadoni kwanza, kwa muda usiopungua miezi 12, na bila ya familia kumharakisha aache. Soba ije pale ambapo nyumbani kwenyewe ni maskani, au kliniki iko mbali mno, au mwenyewe ameichagua akiwa na akili timamu. Kama hali inaruhusu, tafuteni soba iliyo karibu na kliniki na inayomruhusu mkazi wake kwenda dirishani kila asubuhi. Nyumba inayosema "hapa hatutaki mtu wa methadoni" inamlazimisha kijana kuchagua kati ya paa na dawa.

Jambo moja dogo ambalo limewavunja moyo wengi: mtu wa methadoni akianza dawa za kifua kikuu, rifampisini iliyomo humo hupunguza nguvu ya methadoni mwilini. Arosto inarudi, familia inasema dawa imeshindwa, kijana anarudi kijiweni. Kinachotakiwa ni daktari kuongeza dozi. Mwambieni muuguzi wa dirisha kila dawa mpya anayopewa mgonjwa wenu, na mkimkuta na vidonge vya usingizi au chupa ya pombe msinyamaze, maana vikichanganyika na methadoni vinaua.

Kama bado mmeamua soba, msiishie kwenye simu. Nendeni mkaione. Ulizeni kama Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inaitambua, na kama mpo Kenya, kama imeidhinishwa na NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Ulizeni ni nani anayempokea mgonjwa akiwa kwenye arosto, ana taaluma gani, na hospitali ya karibu ni ipi. Ombeni kuona chumba cha kulala, si ofisi tu. Ulizeni kama mtaruhusiwa kuzungumza naye faragha wiki ya pili. Kisha ulizeni swali ambalo sisi hatukuuliza: siku akitoka, mtatufundisha nini, na mtamfuatilia kwa muda gani? Mkiona mnyororo, mkisikia habari za viboko, au mkiambiwa mlipe miezi sita yote leo na hairudishwi, ondokeni na kijana wenu.

Pombe ni habari nyingine kabisa, na hapa familia nyingi huokoa fedha mahali ambapo hazifai kuokolewa. Arosto ya unga ni mateso makubwa lakini mara chache humuua mtu mzima mwenye afya. Pombe kinyume chake. Mtu aliyekunywa gongo au chang'aa kila siku kwa miaka akizuiwa ghafla, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huanza kutetemeka mwili mzima, joto linapanda, wanaona wadudu wakitambaa ukutani na watu waliokufa wakiwaita. Kwetu pwani hapo ndipo unaposikia "amepandwa". Anafungiwa chumbani, anafukizwa ubani, anasomewa, na mwili unaendelea kuungua. Huyo ni mgonjwa wa dharura. Hospitalini atapewa diazepamu kwa vipimo vinavyoshushwa taratibu, maji, na sindano za vitamini B1, dawa za zamani ambazo si za bei ya kutisha. Siku hizo chache za wodi ndizo za kuchangia kwanza, kabla ya nyumba yoyote ile. Msimfungie nyumbani ili kubana matumizi.

Baada ya wodi, ndipo chaguo lije. Vikundi vya kusaidiana vya walevi waliopata nafuu, vinavyofuata hatua 12 na vilivyoanzia Marekani mwaka 1935, havina kiingilio wala ada ya mwezi. Vipo Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Unguja. Havimfai kila mtu. Lakini kwa shilingi sifuri, na kwa kuwa mtu anaweza kwenda hata miaka kumi, jaribuni kabla ya kulipia kitu cha ghali. Zipo pia dawa zinazosaidia asirudi kwenye glasi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza naltreksoni na akamprosati kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Mwulizeni daktari kama zinapatikana mlipo na zinauzwaje. Disulfiramu, ile inayomtapisha mtu akinywa pombe, ni ya kale zaidi, na kamwe msimtilie kwenye uji bila yeye kujua. Nimesikia shangazi wengi wakishauri hivyo kwa mapenzi mema. Inaweza kumuua.

Bangi na mirungi hazina methadoni yake. Hapa tiba ni mazungumzo na mshauri, muda, na kubadilisha kijiwe. Anayewauzia "dawa ya kukata bangi" kwenye kichupa anawauzia maji.

Sasa lile ambalo familia huliona mwisho, ingawa mara nyingi ndilo lililoanza. Kijana alianza kuvuta kabla au baada ya kuanza kusikia sauti? Mama alianza kunywa kabla au baada ya kumzika mtoto? Sonona, hofu isiyoisha, majeraha ya kupigwa au kubakwa utotoni, ugonjwa wa akili unaokuja na sauti na mashaka, haya hukaa na ulevi nyumba moja. Ukitibu kimoja tu, kingine kinamrudisha. Mdogo wangu aliulizwa kuhusu usingizi wake na kifo cha baba kwa mara ya kwanza akiwa kliniki ya methadoni, baada ya soba mbili. Alikuwa na sonona kwa miaka tisa.

Gharama za upande huu ni ndogo kuliko watu wanavyoogopa. Kliniki ya afya ya akili ya kutwa ipo katika hospitali nyingi za mikoa. Si lazima kusafiri hadi hospitali ya Mirembe, Dodoma, wala kupanda milima ya Korogwe hadi Lutindi, hospitali ya Kilutheri, isipokuwa kwa mgonjwa aliyezidiwa na aliyeandikiwa rufaa. Dawa za sonona kama fluoksetini zipo kwa majina ya kawaida yasiyo ya kibiashara. Ulizeni hizo, na mkubali kwamba huchukua wiki 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi, kabla mtu hajahisi tofauti. Wengi huacha wiki ya pili na kusema hazifanyi kazi. Kwa mwenye ugonjwa wa sauti na mashaka, linganisheni vidonge vya kila siku na sindano ya mara moja kila wiki 2 hadi 4. Vidonge husahaulika, hufichwa chini ya ulimi, na kila kurudiwa kwa ugonjwa ni siku za wodi na kazi iliyopotea. Sindano ni safari moja au mbili kwa mwezi, na ndugu anajua imeingia. Kwa mgonjwa anayebishana na dawa, mimi ningechagua sindano. Msipokuwa na uwezo, msiondoke mkiwa mmenyong'onyea. Nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali mkaulizie msamaha, kabla bili haijaandikwa.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu mganga, kisomo cha ruqya na maombi. Sitawaambia wazazi wangu wasimwombee mtoto wao, nami nilimwombea. Ninachoomba ni masharti mawili. Pasiwe na kufungwa wala kuchapwa. Na atakayesema "tupa dawa za hospitali kwanza ndipo nianze" asipewe mbuzi wala shilingi. Maombi yaende pamoja na dozi ya asubuhi.

Na jiandaeni kwa kurudia. Anaweza kuanguka tena baada ya mwaka, kama mwenye shinikizo la damu anavyoweza kuacha vidonge na kulazwa tena. Fedha zote zikiishia kwenye mwezi wa kwanza, siku hiyo hakuna kilichobaki ila lawama. Baba mdogo, gawa daftari lako mara mbili: nusu ya kuanzia, nusu ya mwaka unaofuata. Nauli ihesabiwe humo, na chakula, maana dozi haikai vizuri kwenye tumbo tupu, na kitu cha kufanya mchana.

Tanzania, namba ya Mamlaka ni 119. Kenya, NACADA hupatikana kwa 1192. Zote hupigwa bure. Mwambieni anayepokea kijana wenu anatumia nini, tangu lini, na kama anasikia sauti au amewahi kusema anataka kufa, kisha ulizeni kliniki ya karibu ni ipi na inafunguliwa saa ngapi. Pigeni leo, kabla kundi la michango halijafunguliwa.